Betri ya Pili ya Gari la Hospitali

Gari liliingia gereji asubuhi, Spaki akiwa bado anapuliza chai yake. Lilikuwa lile gari refu la hospitali, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ubavuni, chini ya rangi mpya nyeupe, msalaba mwekundu bado ulionekana kwa aliyejua pa kuangalia. Spaki alijua. Yeye alikuwa fundi umeme wa magari, na mke wake alifariki kitandani akilisubiri gari hilo hilo.

Dereva aliyeshuka alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu. Siku ile alikuwa amempeleka mkurugenzi wa hospitali harusini. Simu ya kumwita akamchukue dada yake ilimfikia, mkurugenzi akamwambia asubiri mpaka keki ikatwe. Tangu hapo wawili hawa walisalimiana vizuri na kuongea machache.

"Lina nini, shemeji?"

"Halina kitu. Bosi anataka betri ya pili. Amenunua friji, inakaa pale machela ilipokuwa. Anataka vinywaji vibaki baridi hata gari likizimwa."

"Na machela?"

"Iko stoo. Imepangiwa maboksi juu."

Spaki akamaliza chai, akafungua boneti. Kazi ni kazi. Akachomelea kikalio cha chuma upande wa pili wa injini, akaifunga betri kwa mkanda isije ikacheza kwenye mashimo. Akapitisha waya mnene hadi nyuma, akauwekea fyuzi, maana waya ule ukichubuka gari zima huungua. Kati ya betri mbili akaweka swichi inayojiendesha yenyewe: injini ikiunguruma zote zinachaji, ikizimwa zinaachana, ya kwanza inajitunzia nguvu ya kuwashia gari, ya pili inahudumia waliobaki nyuma.

"Washa," akasema. Dereva akawasha. "Zima." Akazima.

Friji ikaanza kuvuma. Taa ya ndani kule nyuma ikawaka, na kwenye mabenchi walikuwa wamekaa watu waliofariki wakilisubiri gari. Kulikuwa na mzee wa kifua, mjamzito aliyeshika kiuno, na seremala aliyeumwa na nyoka, kamba bado imembana mguuni. Karibu na mlango alikaa mke wa Spaki, amejifunika blanketi la kitandani kwao.

Spaki akapima betri. Ilikuwa nzima.

"Baba watoto, gari limefika?" mkewe akauliza.

"Limefika."

"Basi twende. Ubavu unanichoma."

Dereva alikuwa ameinamia usukani. "Dada," akasema bila kugeuka, "bosi ananisubiri nyumbani kwake."

Spaki akapanda mbele. "Pitia hospitali kwanza. Siku nikikuomba kitu kingine, ninyime."

Wakaenda. Kila shimo lilimfanya mkewe agune, na Spaki akamwambia dereva apunguze mwendo, kisha akamwambia aongeze. Moyoni alishaanza kupanga atakavyowaambia watoto kwamba mama yao amelazwa na anaendelea vizuri.

Muuguzi wa mapokezi akafungua mlango wa nyuma, akawagusa wote vipaji vya uso, mmoja baada ya mwingine.

"Hawa siwezi kuwapokea, kaka. Wamechelewa."

"Hawakuchelewa wao."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa napiga simu." Akarudisha mlango taratibu, asimbane mtu vidole.

Ikabidi waende kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alitoka na kreti ya vinywaji, akachungulia nyuma.

"Hawa ni wa nini?"

"Wamekuja na betri," Spaki akajibu. "Nikiitoa, nadhani wataondoka."

"Na friji?"

"Itazima."

Mkurugenzi akafikiri kidogo. Alikuwa na safari ndefu, tena na wageni. "Basi waache. Ila wasiegemee mlango wa friji, lazima ufunge vizuri."

Mke wa Spaki akakunja magoti kupisha kreti. "Samahani, mkuu," akasema. Mkurugenzi akamwambia hakuna shida. Gari likaondoka, na Spaki akarudi gereji kwa miguu.

Wagonjwa waliendelea kupiga simu, gari likaendelea kuwa safarini, na mabenchi yakazidi kujaa. Mwaka haukuisha, gari likarudi gereji limelala nyuma kwa uzito. Mkurugenzi hakuwa na neno na abiria wake, ila aliagiza springi ngumu zaidi.

Springi hazikuwa kazi ya Spaki, lakini aliomba afunge yeye. Dereva alimshikia taa chini ya gari. Alipomaliza kukaza, Spaki alizifungua tena, akaziwekea raba laini katikati, kwa sababu mke wake hakupenda kurushwarushwa njiani.