Mume wa Kliniki

Vijiji vya huku juu Ugweno vilijitungia sheria ndogo: mjamzito aje zahanati na mumewe, wapimwe damu pamoja, la sivyo arudi nyumbani. Barua ya mwenyekiti ya kuruhusiwa kuja peke yao walipewa wale tu ambao waume zao walikuwa safarini. Nia ilikuwa njema, nani atakataa? Ila waliorudishwa walikuwa wanawake, na wanaume waliogoma kuja hawakuulizwa na mtu.

Redempta alikwisharudishwa mara mbili, na mimba yake ilikuwa inaingia mwezi wa saba. Mumewe, Hezroni, dereva wa bodaboda, kila akiombwa alikuwa na jibu lake: "Nikilaza pikipiki, mke wangu, tutakula nini?"

Faustina, jirani yao, naye alikuwa mjamzito, na mumewe Yusto alikuwa ameapa kwamba kidole chake hakichomwi na mtu. Basi Faustina akamwomba Hezroni ampeleke zahanati ya upande wa pili wa mlima, wasikojulikana, ajifanye mumewe. Hezroni akacheka, akakubali; safari ilikuwa ya kulipwa. Alidhani ataketi tu kwenye benchi, aonekane kuwa ni mwanamume, yaishe.

Nesi akawachoma vidole wote wawili. Akauliza kama wako radhi kupewa majibu pamoja. Hezroni angekataaje, na yeye ndiye mume? Akaitikia.

Faustina alikuwa salama. Hezroni akapimwa tena kwa kipimo cha pili, na cha pili kikasema kama cha kwanza: ana virusi vya Ukimwi.

"Baba, dawa zipo, unaanza leo, na wanao utawalea," nesi alisema kwa upole. "Mimi siruhusiwi kutoa siri yako. Ila sheria inakutaka wewe umwambie mwenzako bila kuchelewa." Akamgeukia Faustina. "Afadhali mama amesikia mwenyewe. Hilo limekwisha."

Limekwisha! Hezroni alilitazama tumbo la mke wa mwenzake, akalikumbuka la Redempta ambalo hakuna aliyelipima.

Walirudi kijijini. Faustina aliposhuka, alisimama kidogo kando ya pikipiki.

"Kaka Hezroni, kwangu halitatoka. Lakini nisiwe mimi peke yangu ninayejua."

Redempta alikuwa uani akimenya ndizi. "Leo umewahi," akasema. "Pikipiki imeharibika?"

Hezroni aliketi chini, kopo la dawa mfukoni. Angeweza kusema imeharibika. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na kwa huo angepata usiku mmoja wa amani. Kisha akaona jinsi mkewe alivyokuwa ameegemeza mkono juu ya tumbo.

"Pikipiki ni nzima," akasema. "Weka kisu chini, mke wangu. Leo mke wa mtu ameambiwa jambo ambalo ulipaswa kuambiwa wewe."