Rangi ya Mfereji

Babu yangu amepita kwenye ule mfereji mkubwa wa meli mara nyingi kuliko alivyowahi kupanda ghorofani kwetu, na hajawahi kuuona.

Nililijua hilo kwa sababu ya kazi ya shule. Mwalimu wa jiografia alitutaka tueleze meli inavukaje mlima. Inaingia kwenye chumba cha maji, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajaa, meli inainuka, mlango wa mbele unafunguliwa, inaingia chumba kingine. Inapanda hivyo hivyo mpaka juu, halafu inashushwa upande wa pili. Nikasema moyoni, mbona jibu ninalo humu humu ndani? Babu alikuwa mtu wa kupaka mafuta mashine za meli za mizigo tangu ujana mpaka alipostaafu. Nikamfuata jikoni.

"Babu, mfereji unafananaje?"

"Una joto."

"Namaanisha ukiuangalia."

Akafikiri kidogo. "Una mabomba. Una saa ya presha, imepasuka kioo. Na mgongo wa fundi mkuu, mpana kama kabati."

"Hicho si chumba cha injini? Mimi nauliza mfereji wenyewe. Una rangi gani?"

Akakuna kidevu, akaniangalia kama vile nimemuuliza jina la mtu anayemjua vizuri lakini limempotea.

"Mjukuu wangu, meli ikiingia mfereji, mtu wa mashine hatoki chini. Kengele inalia: taratibu mbele. Inalia: simama. Inalia: nyuma kidogo. Kutwa nzima. Ukija kupanda juu kuvuta hewa, mfereji umeshakwisha, uko bahari nyingine. Mimi nimevuka kwa masikio."

Sasa mimi si msemaji. Shangazi ananiita Kibubu, eti maneno yanaingia tu, kuyatoa mpaka univunje. Lakini hilo la Babu halikukaa ndani. Jioni ile ile nilimwambia Baba, Baba akawaambia ndugu zake, na kabla mwaka haujaisha watoto wa Babu wote walikuwa wamechanga. Babu atavuka mfereji kama abiria. Ataketi, ataletewa chai, atatazama.

Shangazi, ambaye ana saluni moja na mdomo wa saluni mbili, akajiteua kuwa msindikizaji. "Nani mwingine atakayemchunga? Nyie wote mna kazi."

"Na wewe huna?" Baba akamuuliza.

"Mimi nina wasaidizi."

Kazi ikabaki moja: meli gani. Zilikuwa mbili zinazokwenda mwezi ule, na picha zake zilikaa mezani kwetu mpaka zikapata madoa ya chai. Kubwa ilikuwa kama mtaa mzima wa maghorofa umekatwa ukaelea. Mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa michezo ya jukwaani, vyumba vyenye roshani. Ndogo ilikuwa imezeeka, ina madirisha ya mviringo, ukumbi mmoja wa chakula, na lifti moja ambayo hata kwenye picha ilionekana imechoka. Zote zinapita mfereji mchana, mwanzo mpaka mwisho.

"Kubwa," akasema Shangazi. "Tunaenda mara moja, twende kwa kishindo."

"Ndogo," akasema Baba. "Kwenye hiyo kubwa mtapotezana siku ya kwanza. Utamtafuta mzee kwa kipaza sauti."

Wakamgeukia Babu. Babu akavuta ramani ya vyumba vya meli kubwa, akaivuta ya meli ndogo, akaziangalia kwa makini, na kwenye zote mbili akaweka kidole chini kabisa, kwenye vyumba visivyo na dirisha.

"Hapa panatosha."

"Baba!" Shangazi akaruka. "Tumechanga wewe ukakae shimoni tena?"

"Mfereji nitautazama nikiwa juu. Kulala nitalala chini."

"Utapandaje, kwa magoti hayo?"

Babu akayasugua. Magoti yake yameliwa na ngazi za chuma. Na siku ya mfereji, kila mtu alituambia hivyo, lifti zinajaa kama sokoni, na watu wanawahi nafasi kwenye ukingo kabla jua halijatoka. Chumba chenye dirisha ndicho kingekuwa macho yake. Bila dirisha, angevuka tena kwa masikio, safari hii kwa tiketi.

"Kwa nini chini, Babu?" nikamuuliza baadaye, tulipobaki wawili.

"Sijui. Huko juu vitanda vyao laini mno. Sitalala."

Neno hilo "sitalala" lilinikwama. Maana mimi na familia yote tunakumbuka harusi ya Shangazi. Tulilala hotelini, kwenye vyumba vizuri, vya ghorofa ya juu. Babu hakufumba jicho tangu tulipofika. Alikaa kwenye kiti akitazama mlango. Siku yenyewe ya harusi akawekwa mstari wa mbele, na Shangazi alipokuwa anavishwa pete, Babu akakoroma. Si kidogo. Mfungishaji ndoa alisimama akangoja. Kwenye picha iliyopigwa pale wote tunacheka, na Babu yuko katikati, mdomo wazi kama mfuko wa barua. Shangazi hajasahau. Kila wakigombana hufika hapo.

Sasa nikawaza: akipewa chumba kizuri cha juu, asipolala siku zote kabla ya kufika, si atalala palepale dirishani? Mfereji utapita mbele yake, macho yamefungwa.

Lakini kwa nini kwetu analala? Kitanda chake kwetu pia ni laini, Mama alinunua godoro jipya. Nikaanza kumchunguza. Babu ana kachumba nyuma ya jiko, alikataa cha mbele ambacho kina upepo. Na mchana, baada ya kula, hulala kwenye kiti cha jikoni, kichwa kimeegemea friji. Friji letu ni la zamani, linanguruma na kutikisika mpaka sufuria zilizo juu yake zinaongea.

Siku moja nilikuwa naosha vyombo umeme ukakatika. Friji likatetemeka kidogo, likanyamaza. Babu akaruka kutoka usingizini kama aliyemwagiwa maji.

"Nani kaizima mashine?"

"Umeme, Babu."

Akanitazama, akatazama dari, akakumbuka yuko wapi. Hakulala tena. Umeme uliporudi, friji likaanza kunguruma, na kabla sijamaliza sahani mbili kichwa chake kilikuwa kimeshainama.

Nilisimama na povu mikononi. Nikajifuta. Nikachomoa waya wa friji.

Babu akafumbua macho. "Umeme tena?"

"Ndiyo," nikadanganya, nikauchomeka. Likanguruma. Akalala. Nikauchomoa. Akaamka. Nikauchomeka.

"Wewe!" Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Unamfanyia nini mzee wa watu? Na maziwa yangu yako humo!"

Niliadhibiwa kuosha friji lote, rafu kwa rafu, lakini nilikuwa na furaha kama niliyefaulu mtihani. Kumbe si kitanda, wala si juu au chini. Mtu wa mashine analala mashine ikienda. Ikinyamaza, ujue kuna hatari, na mwili wake unaamka hata kama yeye hajui kwa nini. Pale hotelini kila kitu kilikuwa kimenyamaza.

Basi nikaanza kutafuta. Nilisoma mtandaoni maneno ya abiria waliowahi kusafiri na meli zile mbili, na sikusoma sifa, nilisoma malalamiko. Meli kubwa ililalamikiwa foleni na muziki. Hakuna hata mmoja aliyelalamikia injini. Mmoja alisema alisahau kama yuko melini. Ya meli ndogo ndiyo yalinifanya nikae wima. "Vyumba vya nyuma vyenye madirisha ya mviringo, usitie mguu. Kitanda kinatetemeka usiku kucha." Mwingine: "Nililipa nikapumzike, nikalazwa juu ya mashine ya kusaga." Mwingine, huyu nilimpenda: "Glasi ya mswaki ilitembea yenyewe mpaka ukingoni ikajitupa."

Nilitaka kumwambia Shangazi. Nilifika saluni mara mbili nikarudi. Kulikuwa na wateja. Siku ya kulipia ikanikuta sijasema, na Shangazi ameshashinda: meli kubwa.

Ofisi ya safari ilikuwa na feni, meli ya plastiki kwenye kabati la kioo, na dada mmoja mwenye kucha ndefu aliyekuwa anabonyeza kompyuta kwa ncha za vidole kama anayeogopa kuiamsha. Shangazi, Babu na mimi tuliketi mbele yake.

"Mmechagua vizuri," dada akamwambia Babu. "Meli hii kubwa, mzee wangu, imetulia. Hata injini huisikii."

"Sasa utajuaje kama inakwenda?"

"Utaangalia nje."

"Na ukifumba macho?"

Dada akacheka, akadhani ni utani. Mimi nilimwona Babu anavyoikaza fimbo yake ya kutembelea.

"Mwandikie chumba cha roshani, ghorofa ya juu," Shangazi akasema, mkono tayari kwenye pochi.

"Samahani," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Feni ilikuwa na sauti kunishinda.

"Samahani!" Sasa ilitoka kubwa mno, mpaka mteja wa meza ya pili akageuka. Uso ulinichemka. "Ile meli ndogo. Vyumba vya nyuma, vya madirisha ya mviringo. Bado vinatetemeka?"

Dada akaacha kubonyeza. "Nani kakwambia vinatetemeka?"

"Watu. Wameandika."

"Watu wanakuza mambo. Kuna mtikisiko kidogo, siwezi kukuficha, maana viko juu ya injini. Lakini usiwe na wasiwasi, hakuna anayewalazimisha. Naweza kuwapa vya mbele, kimya kabisa."

"Hapana. Tunaomba kinachotetemeka."

"Mnaomba..."

"Kinachotetemeka kuliko vyote. Chenye dirisha."

Dada akamgeukia Shangazi kama mtu anayetafuta mkubwa wa kuongea naye. "Mama, tangu nianze kazi hii watu wananipigia kelele niwatoe vyumba vile. Sijawahi kuombwa."

"Kibubu, umerogwa?" Shangazi akaninong'oneza, lakini kunong'ona kwake ni kama kutangaza. "Unataka tulale kwenye kinu?"

"Shangazi, unakumbuka harusi yako?"

"Usinikumbushe."

"Alikoroma kwa sababu hoteli ilikuwa kimya. Hakulala pale hata kidogo. Kwetu analala na friji. Nimelizima akaamka, nikaliwasha akalala. Mkimpeleka kwenye kimya atafanya hivyo hivyo, atakoroma mfereji mzima. Utampiga picha mdomo wazi tena."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mgeni. Nikaangalia ile meli ya plastiki.

Babu akanigeukia polepole. "Kumbe ulikuwa wewe. Nikasema umeme gani huu unaopepesa kama kope."

Halafu nikaona anarudi nyuma kichwani mwake: ile hoteli, nyumba za watoto wake wengine alikokataa kuhamia, kachumba cha nyuma ya jiko. "Basi ni hicho kimya," akasema. "Nami nilidhani ni uzee."

Shangazi akafunga pochi, akaifungua, akashusha pumzi. "Mwandikie hicho kinu. Vyumba viwili. Mimi nipe cha mbele."

"Vya mbele vimebaki vya watu wanne tu, mama."

"Basi," akasema Shangazi. "Basi tutetemeke wote."

Walipofika mfereji walitupigia simu ya picha, asubuhi kwao, jioni kwetu, tukiwa wote mezani. Alianza kutokea Shangazi. Macho mekundu, nywele, yeye msusi, kama kiota.

"Kibubu, nikirudi nakunyoa. Sijalala tangu tuondoke. Mswaki unacheza ngoma, meno yanagongana yenyewe. Na babu yako? Analala kama mtoto mchanga! Leo kaamka kabla ya ndege, kanywa chai, kakaa hapo, hataki hata kuongeleshwa."

Akageuza simu. Babu alikuwa kwenye kiti, mgongo umenyooka, pua karibu kugusa kioo cha mviringo. Nje kulikuwa na ukuta wa zege, umelowa, unashuka taratibu, taratibu, mpaka nikaelewa si ukuta unaoshuka. Ni wao wanaopanda.

"Babu! Una rangi gani?"

Hakugeuka. "Subiri."

Ukuta ukaisha. Kioo kikajaa mwanga.

"Kijani," akasema. "Mjukuu wangu, ni kijani! Miti mpaka ukingoni. Miaka yote mimi nilikuwa nikiuwaza mweusi."

"Kijani gani?"

"Cha majani yaliyonyeshewa." Kisha akainua kidole. "Sikiliza. Sasa atapunguza." Na kweli, ule mngurumo tuliokuwa tunausikia mpaka kwetu mezani ukashuka. "Sasa anafuta jasho, yule wa chini. Anangoja kengele."

Akachukua fimbo yake akagonga sakafu, ngo, ngo, ngo.

"Baba, unafanya nini? Watu watalalamika!"

"Namwambia ni kijani," akasema Babu, na macho yake hayakutoka dirishani.