Hodi Kwenye Mihina

Asubuhi huko ng'ambo nyasi huwa nyeupe kwa umande, na mtu akitembea ndani yake huonekana nusu ya juu tu, kama anayeelea. Mimi nilikuwa mbele nikiburuta ncha ya kamba. Nyuma yangu alikuja Kiprotich, bwana wa mimea aliyetoka bara, na nyuma yake Swafwan, askari wa hifadhi, mtu wa Pate mwenye maneno mengi.

Kazi yetu ilikuwa kuchora ramani ya mimea ya hifadhi ile. Siku ya kwanza Kiprotich aliniambia kwamba mimea hukaa mitaa, kama watu. Mikoma ina mtaa wake, migunga ina wake, nyasi ndefu nazo hazikubali kuchanganyika na kila anayekuja. Tukivuta kamba ikanyooka, twaangalia kila inapopita: mtaa huu unaishia wapi, ule unaanzia wapi. Kisha kila mmoja hupata rangi yake kwenye ramani. Nilipenda jambo hilo. Jioni nikivuka maji kurudi kwetu Kipungani na kushika ukili wa mkeka, niliona kama vidole vyangu bado vinatembea kule hifadhini, vikipita kutoka mtaa hadi mtaa.

Aliyenisukuma kwenda ni bibi yangu, Bi Hayat. Yeye alizaliwa ng'ambo, katika kijiji kilichohamwa wakati wa vita vya shifta, alipokuwa msichana mdogo. Walikimbia wakaacha nyumba, wakaacha na kaburi la mdogo wake, Amini, aliyekufa kabla hajatambaa. Kila akiomba apelekwe akaone, Mjomba Taufiq, mwanawe mkubwa, humjibu vilevile.

"Mama, pamekuwa pori. Wenda kuona nini porini?"

Mwaka huu alianza kuwaambia watu kwamba mama yake anaota mchana. Na Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, akanyamaza. Siku moja aliniuliza kwa sauti ndogo, "Rawiya, hivi ile nyumba ilikuwako kweli?"

Basi jua lilikuwa limeanza kukausha umande kamba iliponifikisha kwenye mihina. Mhina huota wenyewe palipo na maji, hilo Kiprotich alishanionyesha. Lakini hii ilisimama safu. Mwisho wa safu ilikata kona, ikaendelea. Katikati palikuwa na mwanya wa mtu kupita, na maua yalinukia hadi kichwa kikawa chepesi. Niligeuka. Mgongoni mwangu palikuwa na shimo lililojaa nyasi, limezungukwa na mawe. Ua wa mihina, mlango unaotazama kisima. Nimelala na maneno hayo ya Bibi tangu utotoni.

"Songa, Rawiya," Kiprotich akasema. "Kamba iko sawa."

Sikusonga. "Hodi," nikasema.

Swafwan akacheka. "Siku zote hata salamu twamtoa kwa koleo. Leo awapigia hodi nyani."

"Hodi," nikasema tena. Na mara ya tatu. Upepo ulipita juu ya nyasi, nyamera mmoja akainua kichwa kwa mbali. Hakuna aliyejibu. Kwetu ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, warudi. Nikaiweka ncha ya kamba chini.

"Nyumba ya nani?" Kiprotich akauliza.

Nikawaeleza huku nikitazama vidole vya miguu yangu. Sikuwahi kusema nao maneno mengi hivyo. Kiprotich alivua kofia akajipepea.

"Siwezi kukulazimisha," akasema. "Lakini tusipoingia sitajua kuna nini ndani. Nisipojua, nitapaka rangi ya jirani. Hapa patakuwa kichaka kama kwingine."

Pori, yaani. Neno la Mjomba Taufiq, na sasa lingekuwa na rangi.

Swafwan alikuwa ameacha kucheka. "Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Kipungani."

"Ana simu?"

Akainua simu yake juu kama mtu anayekinga mvua, hadi mtandao ukaja. Nikampa namba, akafungua spika, Bibi akapokea.

"Hodi, Bibi," nikasema.

"Hodi gani hiyo ya kwenye simu?"

"Niko mlangoni kwenu. Penye mihina. Kisima kiko nyuma yangu."

Nilisikia kuku wa uani kwetu, na kikombe kikiwekwa chini. Kisha ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu, sauti ya mwenye nyumba.

"Karibuni. Ngiani kwa mguu wa kuume."

Tukaingia. Bibi alikuwa mbele yetu, ndani ya simu, na sisi tukamfuata.

"Mtomoko upo?"

"Upo, Bibi."

"Uko kombo?"

"Uko kombo."

"Nilimwambia baba. Haya, fuateni ndia ya jikoni. Mrihani je?"

Harufu ilipanda kutoka miguuni kabla hatujauona.

"Na mdimu, kando ya jiko?"

Nilitazama, sikuuona. Nikamgeukia Kiprotich. Kiprotich akaisogelea simu. "Haupo, Bibi. Pana nyasi tu."

"Ni mbuzi wa jirani yetu Mwanatumu," Bibi akasema, wala hakushangaa. "Nilisema atauua. Hapana aliyenisikiliza."

"Tumkamate?" Swafwan akauliza.

"Mwanangu, hata Mwanatumu mwenyewe alishazikwa, yu mchangani." Kisha akaniita. "Rawiya. Nyuma ya nyumba tulipanda mishubiri. Miwili, kitwani na miguuni pa Amini."

Nilichukua simu nikaenda peke yangu. Mishubiri haikuwa miwili tena. Ilikuwa imezaana, imeshikana mikono, na katikati yake ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, fupi, kama mto wa kulalia. Maua mekundu yalisimama juu yake.

"Amefunikwa, Bibi," nikasema. "Amefunikwa vizuri."

Kiprotich akaja na kamba yake iliyonyooka tangu asubuhi. Akaikunja, akaizungusha nje ya mishubiri.

"Mtaa huu nitaupa rangi yake, Bibi."

"Upe. Una wenyewe."

Ndipo ikasikika sauti ya Mjomba Taufiq kwa mbali. "Mama, wasema na nani?"

"Na walioko kwetu. Nina wageni. Hebu ndoo hapa umsalimu mjomba wako Amini."

Nilingoja Mjomba amwambie anaota. Nilisikia pumzi yake ikikaribia simu, kisha akatoa salamu wanayopewa watu wa makaburini, taratibu, hadi mwisho. Kiprotich alikuwa ameshika kofia kifuani.

Tuliporudi mlangoni nikasema, "Bibi, twaomba ruhusa."

"Mapema hivi? Hata kahawa hamjanywa."

Swafwan akanitazama. Akalaza bunduki nyasini, akatoa chupa yake ya kahawa mfukoni, akamimina.

"Mumekaa wapi?" Bibi akauliza.

"Karibu na mlango."

"Hapo pana jua. Sogeeni penye mtomoko."

Tukasogea.