Siku Varley Ilipoweka Simu Chini

Huku kwetu kwenye nyika za Kanada nguzo za simu ziliishia stesheni, kwa hiyo sisi tuliokaa mashambani tulijitafutia njia yetu. Tulifunga masanduku ya simu ya mitumba kwenye seng'enge za mashamba, na waya uleule uliokuwa unazuia ng'ombe ukaanza kubeba maneno, kutoka shamba hadi shamba mpaka kwa opereta wa mjini Varley. Mvua ikinyesha laini ilikufa. Kwa bahati mbaya miaka ile mvua haikunyesha, basi simu yetu ilikuwa nzima kabisa.

Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Wangu ulikuwa mfupi mara mbili, wa jirani yangu mama Stefko mrefu mmoja na mifupi miwili. Lakini mlio wowote ulisikika nyumba zote, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wenyewe. Ukisikia wa mwenzako, unanyata, unainua mkonga wa simu polepole kama mtu anayeiba yai chini ya kuku, unaziba mdomo kwa aproni, unasikiliza. Wote tulifanya hivyo na wote tulikana. Ukikutana na mtu kanisani anakupa habari za binti yake, unashangaa, unauliza maswali, na ulizisikia zote tangu Jumanne.

Sheria ilikuwa moja tu, nayo haikuandikwa popote. Ukishainua, huweki chini mpaka wenye maneno wamalize. Mkonga ukirudi mahali pake hutoa sauti, ka, na wanaoongea wanajua kuna mtu. Kwa hiyo ukishaingia umeingia, hata maziwa yakifurika jikoni. Ubaya ni kwamba kila mkonga ulioinuliwa ulikula nguvu ya betri. Wakiinua watu watatu, sauti ilikuwa ya mgonjwa. Wakiinua wote, ulisikia upepo tu.

Mimi, Hettie Raikes, si mtu wa kustaajabu ovyo. Nimeona vumbi likifunika jua saa sita mchana, na nilichosema ni kwamba nguo zangu ziko kambani. Lakini niliyoyaona jikoni kwa mama Stefko mwezi wa saba, mwaka wa thelathini na tano, nikiyakumbuka mwili bado unanisisimka.

Jina lake Olha Hrytsak. Wakati wa vita vile vikubwa mumewe alitiwa kambini pamoja na wenzake, kosa lao kuzaliwa chini ya mfalme wa Austria, adui yetu, ambaye hata hawakumpenda. Alirudi na kikohozi, kikamzika. Akabaki mama na mwanawe mmoja, Stefko, kijana mpole mwenye miguu mikubwa. Ukame ulipotubana, halmashauri ilisema chakula cha msaada ni cha wenye familia. Kijana mzima asiye na mke aende kambi ya kazi, akavunje mawe milimani kwa senti ishirini kwa siku. Aliyemwambia Stefko hivyo ni mwenyekiti wetu, Bwana Tait. Simlaumu sana, ndiyo amri aliyopewa. Ila aliisema kama mtu anayeifurahia.

Bwana Tait alikuwa na sababu zake. Mwanawe Alec alifia vitani, kwenye matope ya Ubelgiji, na tangu hapo kila aliyetoka upande ule wa dunia kwake alikuwa adui. Bwana Tait hakuwahi kumwita mama Stefko kwa jina. Alikuwa "yule Mwaustria", basi.

Mwaka ule wa thelathini na tano, baridi ilipokwisha, vijana wa makambi waligoma. Walipanda juu ya mabehewa ya treni za mizigo, mamia kwa mamia, waende mji mkuu, Ottawa, wakamwambie waziri mkuu uso kwa uso kwamba wanataka kazi yenye mshahara. Stefko alikuwa miongoni mwao. Serikali ikawasimamisha njiani, mjini Regina, wakakaa huko kusubiri.

"Wekundu hao, wakomunisti watupu," Bwana Tait alisema dukani, watu wamejaa. "Na mtoto wa Mwaustria ulitegemea awe nini, askofu?"

Watu walicheka. Mama Stefko alikuwa kauntani anauza mayai yake. Alimaliza kuyahesabu akaondoka.

Basi asubuhi ile ya mwezi wa saba redio ya dukani ikatangaza. Jana yake, sikukuu ya taifa, polisi waliingia kwenye mkutano wa vijana wale pale uwanjani Regina. Mawe yalirushwa, risasi zikalia, hospitali zimejaa na kuna mtu amekufa. Jina la kijana hata mmoja halikutajwa. Nilitoka dukani nikaenda kwa mama Stefko kwa miguu, maana hilo si jambo la kumwambia mtu kwenye simu yetu.

Nilimkuta anakanda unga.

"Keti, mama Stefko."

"Nikiketi unga utakauka. Sema hivihivi."

Nikasema. Mikono yake haikusimama. Alikanda, akakunja, akakanda tena.

"Nani amekufa?"

"Hawajataja jina la kijana yeyote."

"Basi nitangoja," akasema. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko ule unga.

Hatukungoja sana. Simu ikalia, mrefu mmoja, mifupi miwili. Alifika ukutani kabla mlio haujaisha, akanishika shingo akanivuta, masikio yetu mawili yakagawana mkonga mmoja.

"Mama Hrytsak, simu kutoka Regina," opereta alisema. "Hospitali."

Halafu nikausikia upepo. Vuuu. Ndani yake, mbali sana, mwanamke alikuwa anasema kitu. Nilisikia "kijana", nikasikia "macho", kisha hakuna.

"Haloo!" mama Stefko alipaza sauti. "Yu hai? Sema, yu hai?"

Vuuu.

"Hawakusikii na wewe huwasikii," opereta alisema, naye sauti yake ilikuwa inazama. "Watu wote wako kwenye laini, mama. Nitawashikilia kidogo, ila hospitali haitangoja."

Nilitaka kunyakua simu niwatukane ukoo mzima, na mimi matusi ninayo. Mama Stefko akanizuia kwa mkono wake wa unga, akauweka kifuani pangu, ukabaki hapohapo. Akasogeza mdomo kwenye sanduku. Kiingereza chake kilikuwa kinachekwa dukani kila Jumamosi, kwa hiyo alikisema polepole.

"Majirani, najua mpo. Sina hasira. Na mimi huwa nawasikiliza ninyi."

Maneno yale hakuna mtu aliyewahi kuyasema Varley. Ilikuwa kama kuvua nguo kanisani.

"Mama Ludlow, chiriku wako anaimba, namsikia. Naomba weka chini."

Chiriku aliendelea kuimba.

"Mama Ludlow. Tulipomwosha marehemu mama yako, mimi na wewe, huyohuyo alikuwa anaimba."

Ka.

"Bwana Pruett, pole na pumu. Weka chini ukapumzike."

Ka.

"Dora, mtoto analia, mwanangu, mpe ziwa. Nyie ndugu wawili wa Lindqvist, mnasukumana kwenye mkonga mmoja, nawasikia. Wakubwa hivyo."

Ka. Na baada ya kitambo, ka.

Kila mkonga uliposhuka upepo ulipungua, na ile sauti ya Regina ikapanda kidogo, kama maji ya kisima yanavyorudi ukikiacha kipumzike. Kisha wengine hawakungoja kuitwa. Ka. Ka, ka. Nyumba za mbali ambazo hata sikujua zina simu nzima. Nyumba ya mchungaji, niliijua kwa saa yake ya ukutani, na mchungaji alikuwa amehubiri tuache kusikiliza simu za wenzetu. Ninawajua watu wale; ni watu ambao hawataachia hata kamba ya kufungia mbuzi bila kuuliza itarudi lini. Walikuwa wanakiri mmoja mmoja, mchana kweupe, ili mwanamke mmoja apate kusikia.

Lakini upepo haukuisha wote. Palibaki mtu. Nikasikia kiko kinagongwa kwenye mbao, ko, ko, taratibu, jinsi anavyogonga mtu mmoja tu katika wilaya ile.

"Bwana Tait," mama Stefko akasema.

Kiko kikanyamaza.

"Bwana Tait, siku telegramu ya kifo cha Alec ilipofika ulikuwa umesimama stesheni. Na mimi nilikuwepo. Nilikuona ukiisoma. Nilitaka kukushika mkono, nikaogopa, maana tulikuwa maadui." Akasogea karibu zaidi na sanduku. "Mimi jambo langu bado silijui, yu hai au amekufa. Nipe nafasi nilijue."

Nilimsikia yule mzee akivuta pumzi. Opereta hakuingilia, naye ni msichana anayeingilia kila kitu. Nilifikiri, akikataa huyu, nitakwenda kwake na jembe.

Kisha, kwa upole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa: ka.

Sijui niseme vipi kilichofuata. Upepo ulikoma. Laini ikafunguka mbele yetu, tupu, safi, kutoka jikoni mle hadi Regina, na nikasikia viatu vya mtu vikipita kwenye korido ya hospitali. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Yote hayo kupitia waya wa ng'ombe, uliofungwa mafundo na kushikizwa kwa misumari na shingo za chupa za bia. Nilitaka kupiga magoti.

"Mama Hrytsak?" nesi akasema, karibu kabisa, kama yumo chumbani. "Sasa unanisikia? Yuko hapa. Asisimame muda mrefu. Haya, ongea."

"Mama," Stefko akasema.

Mama Stefko alifungua mdomo. Mwanamke aliyekuwa amesema na wilaya nzima sasa hivi hakutoa hata sauti ya paka.

"Mama, upo? Ni mimi. Jicho moja limekwenda, sikuona hata kilichonipiga. Lakini nipo. Mama?"

Mdomo wake ulicheza, machozi yakateremka kwenye unga wa mashavuni. Nikasogeza kichwa changu.

"Yupo! Stefko, ni Hettie huyu. Mama yako yupo, anakusikia, kinywa ndicho kimemfungika."

Kijana akacheka, kicheko kikageuka kilio, akakirudisha tena kuwa kicheko. "Mwambie hatukuwa na silaha. Mwambie tulitaka kazi tu. Na mwambie nina njaa ya supu yake ya bitiruti."

"Anasikia," nikasema. "Anaitikia kwa kichwa."

"Watanitoa wiki hii, kama hawatanipeleka mahakamani. Mama, nakuja."

Nesi akachukua simu, opereta akakata.

Tulisimama. Nilingoja simu ilie, maana habari za Varley hazijawahi kulala njaa. Haikulia. Nikaenda dirishani. Kwa mbali, mlangoni kwa Ludlow, alisimama mtu anaangalia upande wetu. Kwa Lindqvist walisimama wawili. Wakati wote huo hakuna aliyezungusha mpini wa simu atuulize. Kuuliza kungekuwa kukiri tena, na zaidi ya hapo, nafikiri, waliona hawana haki. Watu waliojua hata jino langu lipi limeoza walikuwa wamekaa na kutojua, kwa hiari yao.

Mama Stefko alinawa uso. Alirudi kwenye simu akaushika mpini, akauzungusha, akauzungusha, mlio mmoja mrefu usiokwisha. Ulikuwa mlio wa wote. Ulipigwa kwa moto wa nyika tu, na siku ile vita vilipokwisha, na aliyeruhusiwa kuupiga ni mwenyekiti peke yake.

"Utaitwa mbele ya halmashauri," nikamwambia.

"Waniite."

Mikonga ikainuka, yote. Upepo ukarudi, vuuu, na mara hii ilibidi apige kelele ili wamsikie.

"Stefko yu hai! Jicho moja halipo, lakini yu hai. Anakuja nyumbani. Asanteni."

Upepo tu. Nilidhani wataweka chini. Kisha sauti, ndogo, kama inatoka chini ya ardhi:

"Ludlow hapa. Nimesikia."

Miaka yote ya laini ile, hakuna mtu aliyewahi kutaja jina lake kwenye simu isiyo yake.

"Pruett hapa. Nimesikia, mama."

"Dora, nimesikia."

"Lindqvist. Wote wawili."

Wakaendelea, nyumba baada ya nyumba, wengine hafifu mpaka nilikisia kwa sauti tu. Mama Stefko aliegemeza paji la uso kwenye ukuta, akawaitikia kila mmoja kwa jina. Walipoisha, mtu alikohoa, mtu mzee.

"Tait hapa," akasema. Tukadhani amemaliza. "Nimesikia. Wangu ningempokea hata bila macho yote mawili."

"Najua, baba Alec," mama Stefko akasema.

Tangu vita, hakuna mtu Varley aliyekuwa amemwita hivyo.