Ubeti Usiotimia

Mwalimu Cornelia hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Wanafunzi wake wa sekondari pale Sumbawanga walilijua hilo, na wanachama wa Kilinge cha Malenga walilijua zaidi. Kilinge hicho kilikuwa kundi la WhatsApp la watunzi wa mashairi wa Ufipa na majirani zao, na kila msimu wa baridi kilifanya shindano. Washiriki walimtumia mashairi Angela, msimamizi wa kundi, naye aliyaondoa majina kabla ya kuyafikisha kwa waamuzi wawili: Mwalimu Cornelia, na Mzee Tadei, katekista mstaafu wa Pito, ambaye ndiye aliyeanzisha kilinge na kukitungia sheria zake.

Mwaka huo mada ilikuwa "Nyumbani". Jumamosi asubuhi Cornelia alitoa kiti nje kuota jua, akajifunga shuka mabegani kwa sababu ya upepo, akaanza kusoma kwenye simu. Mengi yalikuwa mazuri kwa namna iliyozoeleka: milima, mashamba ya ulezi, kengele ya kanisa. Aliyapa alama zake za haki, akasonga mbele. Halafu akafika kwenye shairi lililoanza hivi:

Tulitoka Usukuma, ng'ombe wakitangulia,
Mgongoni mwake mama, vumbi likinifikia.

Akaketi vizuri. Mtoto yule wa mgongoni alimuuliza baba yake kwao ni wapi, na baba akanyamaza. Ubeti kwa ubeti familia ilihama, ikafika Ufipa, ikafyeka pori, ikapewa mbegu ya ulezi na majirani ambao lugha yao hawakuielewa. Hakuna mahali mtunzi alipolalamika, wala hakujisifu. Kisha ukaja ubeti wa mwisho, mtoto yule sasa akiwa mama:

Mwanangu aniuliza, kwetu ni kijiji gani,
Mimi sikumpuuza, nikamleta shambani,
Nyasi nikazisogeza, msalaba uko ndani,
Babuyo amejilaza,

Hapo shairi likaisha. Cornelia alipandisha skrini, akashusha, akidhani simu imemchezea. Hakukuwa na kitu kingine. Aliusoma ubeti ule tena, safari hii kwa sauti, na alipofika pale mwisho alijikuta amefumba mdomo na macho yamejaa machozi.

Alimpigia Mzee Tadei papo hapo.

"Shikamoo mzee. Umelisoma lile la Usukuma?"

"Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma, nimelikata."

"Umelikata?"

"Mstari wa mwisho ni nusu. Kuna ukwapi, ile nusu ya kwanza; utao, nusu ya pili, hakuna. Ubeti usiotimia hukatwa alama za mizani, unajua. Lakini nakusikia sauti yako. Njoo tu nyumbani, shairi kama hilo hatuwezi kuligombania kwenye simu."

Cornelia alipanda bodaboda hadi Pito. Alimkuta mzee barazani, amevaa koti zito na kofia ya sufu, miwani imeshuka puani. Hakumpa hata nafasi ya kusalimia watu wa nyumbani.

"Nisomee wewe," alisema. "Mimi nimelisoma kwa macho tu."

Cornelia akasoma. Mzee Tadei alikuwa akigonga mizani kwa vidole juu ya goti, kama alivyofanya siku zote, nane kwa nane, hakosei. Cornelia alipofika kwenye "Babuyo amejilaza" alinyamaza. Vidole vya mzee viliendelea kugonga peke yake, vikaumaliza mstari ambao haukuwa na maneno. Kisha vikatulia.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Huenda kipande cha mwisho kimepotea njiani," alisema mwishowe, ila sauti yake haikuwa tena ya ubishi. "Huenda alikiandika, simu ikakila. Tusimsifu mtu kwa ajali. Mwambie Angela amuulize, bila kututajia jina."

Walisubiri wakinywa chai. Jibu lilikuja kabla vikombe havijaisha, Angela akalituma kama lilivyo: "Hakikupotea. Kipande hicho nimekiandika mara nyingi sana, na kila mara nimekifuta. Niliandika amepumzika, nikaandika ndipo kwetu, nikaandika anatusubiri. Vina vilikubali, mizani ilikubali, ila baba yangu hakuwemo. Waamuzi wakiona ni kosa wakate alama, ni haki yao. Ninaomba tu wasinijazie."

Mzee Tadei alilisoma mwenyewe, akalisoma tena, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekutana na mwenzake.

"Wasinijazie! Umesikia? Huyo ni malenga, Mwalimu. Mimi nimezika watu wengi katika kazi yangu, na kila kaburi nimelisemea. Nilidhani kunyamaza ni kushindwa." Alichukua kalamu. "Lakini sheria ni sheria. Kwenye mizani ninamkata."

"Mzee!"

"Ninamkata, ndiyo. Yeye mwenyewe amesema ni haki yetu, tukimwachia tutakuwa tunamhurumia. Kwingine kote mpe anachostahili, tuone."

Walijumlisha wote wawili. Hata baada ya kukatwa, shairi lile lilikuwa mbele ya mengine yote, tena kwa mbali.

Jumapili baada ya misa Angela alitangaza jina: Monika, mama mkulima na mfugaji wa kijiji kimoja njia ya Kipili. Wengi hawakumfahamu. Alikuwa ndani ya kundi siku nyingi, akisoma ya wenzake na kuweka makofi, basi. Mzee Tadei alirekodi shairi zima kwa sauti yake, akalituma, na kilinge kikawaka. Mmoja aliandika kwamba amelicheza kwenye simu sokoni mpaka wateja wakaacha kupimiwa mahindi. Mwingine, mtunzi hodari aliyeshinda mwaka uliotangulia, aliandika tu: "Nimevua kofia." Cornelia alizipokea sifa zile kana kwamba shairi ni lake.

Sherehe ilifanyika Sumbawanga, katika ukumbi mdogo walioazima parokiani. Monika alishuka kwenye basi akiwa na mama yake mzazi, bibi mrefu aliyejitanda kitenge cha kijani. Watu waliokuwa wakijuana kwa majina ya simu tu walishikana mikono na kuchekana sura. Monika alipoitwa mbele alisoma polepole, bila karatasi, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya kwao. Alipofika kwenye kaburi alinyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza naye. Hakuna aliyekohoa. Mama yake ndiye aliyeanza: alipiga kigelegele kirefu kilichopanda hadi kwenye mabati, na hapo watu wote wakasimama.

Baadaye, wenzake wakiendelea na wali na kuku, Monika alikuja kuketi kando ya Cornelia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama. Umetufanyia jambo kubwa leo."

"Asante. Lakini niambie kweli, maana wote wananisifu tu. Ubeti wa pili ni dhaifu, sivyo?"

Cornelia alimtazama, akaona hatanii.

"Ni dhaifu," alisema. "Lile neno 'pia' mwishoni halina kazi. Umelileta kuziba kina."

Monika alipiga paja lake kwa furaha. "Nilijua! Nilijua tu kuna mtu ataliona!"

Akasogeza kiti, akamwita Mzee Tadei naye aje na sahani yake, na wote watatu wakaanza kulitafuta neno la kukaa pale penye 'pia'.