Tutafuta

Wewe ukisikia fundi anasema "tutafuta", unaelewa nini? Usijibu haraka. Mimi nilielewa haraka, na ilibaki kidogo tu nipoteze kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wangu, Bujiku, aliyekuwa mwalimu wa kwaya kigangoni kwetu. Ni ile ya kukunja, nyeusi, nzito. Herufi A na herufi E zimefutika kwa vidole vyake, na waya wa chaji aliufunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa anarekodia kwaya. Siku aliyoileta nyumbani alitaka kuijaribu, akaniambia niseme kitu. Nikakataa, nilikuwa napeta mchele. Ndipo akaniita kwa jina langu, Milembe.

Tangu tumpate Kristofa, mtoto wetu wa kwanza, mimi nilikuwa Mama Kristofa na yeye Baba Kristofa. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakiishi. Miaka thelathini na nane hakuwa amelitaja jina langu. Siku ile alilitaja mara moja, kompyuta ikalichukua. Akaona haya, akaenda kunawa mikono kumbe hata chakula hakijaiva. Hatukulizungumza tena, na sasa ana miaka minne kaburini.

Nilijua sauti imo humo. Lakini neno kama hilo unamwambiaje mjukuu?

Mjukuu wangu Flora anasomea ualimu, akaiomba kompyuta ya babu yake. Nikampa. Tabu yake ilikuwa uzito: ukiiwasha, unaweza kufagia uwanja wote na kuosha vyombo, ukirudi bado inazungusha kiduara. Rafiki yake akampa CD ya Linux, akamwambia huo ni mfumo mwepesi, unafaa kwa mashine zilizozeeka. Sasa, mlango wa CD ulikuwa haufunguki. Flora akauchokonoa kwa pini ya nywele mpaka ukatoka, akaweka CD, ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Akajaribu mara tatu. Mwisho tukaifunga mashine kwenye kanga, tukapanda gari kwenda Bariadi mjini. Mimi nilisema nafuata chumvi.

Fundi Sylvester ana kibanda jirani na stendi. Ni mtu wa Malampaka, mtu mzima, ana miwani iliyofungwa uzi. Akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", yaani umeamkaje mama, akafuta vumbi kwenye benchi, akanikalisha. Akamwambia Flora hiyo CD akaitundike shambani itishe ndege, kwa kuwa mfumo ataupakia kwenye flashi, na kompyuta itawakia humo humo. Hiyo flashi ni ndogo, kama kidole cha mtoto. Akaichomeka, akawasha. Kompyuta ikaenda palepale pa zamani, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akaizima. Akaiwasha tena huku anagonga kitufe kimoja cha juu, mfululizo, kama kuku anayedonoa. Safari hii ikaleta orodha, akachagua flashi, kioo kikabadilika rangi.

Flora akaulizwa lugha, akachagua. Akaulizwa saa za wapi, akachagua. Picha za familia alisema anazo zote kwenye simu. Ndipo fundi akasema, "Sawa. Tutafuta kila kitu kilichomo, halafu tunaweka Linux."

Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu ndiye fundi, haweki kipya kabla hajatafuta cha zamani. Basi sina haja ya kujieleza. Wakitafuta kila kitu, na langu litaonekana. Nikavua viatu, nikakaa vizuri, nikasubiri. Kusubiri nakujua, nimelima pamba.

Nilipoona amenyanyua kidole ili abonyeze, nikamuuliza kama ameshapata.

"Nimepata nini, mayu?"

"Si umesema mtatafuta."

Flora akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, hakusema tutatafuta. Tu-ta-futa. Kufuta, kama ubao wa shuleni."

Nikamwambia fundi aondoe mkono wake hapo. Akauondoa, na hakucheka. Alisema hata mama yake angesikia hivyo hivyo, na kosa ni la kwake, alipaswa kuuliza kwanza. Halafu akaeleza kwamba mfumo ulio kwenye flashi unaweza kufungua sanduku la zamani la mafaili bila kugusa kitu. Akalifungua. Kila kitu kilikuwepo, mafaili kwa mafaili, na Bujiku alikuwa ameyapa majina kwa mpangilio: Pasaka, Noeli, Harusi ya Nyanda.

"Haya mayu, sasa tunatafuta kweli," akasema. "Tutafute nini?"

Flora akajibu kwa niaba yangu kwamba bibi anataka nyimbo za kwaya, nyimbo za babu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa najidanganya kwamba watanakili zote na yangu itapita katikati, kama mbuzi wa jirani.

Fundi akaanza kuzichagua moja moja, anazihamishia kwenye flashi nyingine. Pasaka, akahamisha. Noeli, akahamisha. Nyingine zilikuwa zimejirudia, hizo aliziruka. Akafika chini kabisa.

"Hii inaitwa Jaribio, sekunde tisa tu. Siyo wimbo. Hii tunaiacha ifutwe."

Flora akasema sawa.

"Siyo sawa," nikasema. Wote wawili wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu pale chini, nikaona nikivivaa sasa nitaondoka bila kusema. Nikaviacha.

"Hiyo hiyo ndiyo iliyonileta. Sikufuata chumvi, na nyimbo ninazijua kwa kichwa. Nataka nimsikie akiniita Milembe."