Zamu ya Mwanahamisi kwenye Lango la Warumi

Mwanahamisi alikuwa ameyameza maelezo yote ya maonyesho. Alikuwa mlinzi katika jumba moja la makumbusho hapo Doha, na tangu yaletwe masalia ya ngome ya Warumi, iliyokuwa mpakani kabisa mwa dola yao, alijifunza habari za kila jiwe: bafu, ghala la nafaka, hata kijiji kilichochipuka nje ya ukuta. Ijumaa hii alipewa dakika kumi awaongoze wageni wanaozungumza Kiswahili. Bi Charity, mkuu wa waongozaji, Mkenya asiyecheka ovyo, angefuata nyuma akisikiliza. Akifaulu, anavua sare ya ulinzi na kuwa mwongozaji. Akishindwa, anarudi kusimama mlangoni.

Alianza vizuri. Walipofika kwenye lango la ngome, lililojengwa upya kwa mbao na plasta, wageni wakasongamana kupita. Mazoea yana tabu. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, na kabla hajajua anasema nini, akasema, "Mmoja mmoja. Vitambulisho tafadhali, na mikoba ifunguliwe."

Watu kumi na wawili wakatoa vitambulisho. Haji, dereva kutoka Lusail, alishafungua mkoba hadi chini ndipo mtu akaanza kucheka.

Mwanahamisi alitamani plasta immeze. Kisha kicheko kikampanda na yeye, kikampanda bila adabu, na ndani yake likaja wazo.

"Msicheke," alisema huku akicheka. "Hapa ni mpakani. Mimi askari wa Kirumi, niko zamu tangu alfajiri na viatu vinanibana. Jina lako nani, na umeleta nini ngomeni?"

Haji alinyoosha mgongo, akadai ameleta samli ya jemadari. Akaelekezwa ghalani, na kuonywa asilambe njiani. Mpishi mmoja wa hoteli akajitia fundi viatu. Huyo akapewa kibanda kijijini. Fatuma, anayefanya kazi za nyumbani Al Wukair, alisema amemfuata mumewe, miezi minane kimya.

"Mke haruhusiwi kulala ndani ya boma, dada. Nyumba za wake zile pale, nje ya ukuta. Lakini nitakuitia."

"Kumbe kambi zote ni moja, hizo na hizi za wafanyakazi wa hapa," alisema Fatuma, akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Dakika kumi zikawa arobaini. Waliokwisha kupita walirudi kwenye foleni na kujipa kazi mpya. Mwisho akabaki Bi Charity, uso mkavu, daftari kifuani. Mwanahamisi angeweza kumpisha tu. Hakumpisha.

"Jina na shughuli yako, mama."

"Charity. Nimekuja kumchukua mlinzi wenu mmoja," alijibu, na midomo ikaanza kumsaliti. "Kuanzia Jumapili ni mwongozaji."

Mwanahamisi alitaka kuitikia kiaskari, akashindwa. Alimkumbatia mkuu wake palepale langoni, foleni nzima ikipiga makofi.